Droo ya Tatu na Jiwe la Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya ukoo mzima, kwamba droo ya tatu ya kabati langu la mawe sasa inafunguka. Simama kidogo kwa heshima, kisha ukae tuendelee.

U hali gani? Mgongo umekuachia? Sisi tu wazima. Wifi yako ananisemesha tena, ndiyo maana nimepata nguvu ya kushika kalamu.

Usidhani nilinyamaza mwezi mzima kwa kiburi. Lile jiwe la Baba uliloniachia, floraiti ya zambarau, yenye pembe za mraba kama dadu zilizogandana, ilipotea. Ilipotea pamoja na karatasi yake, ile aliyoandika Baba kwa mkono wake: “Shimo la pili, chini ya ngazi.” Sisi wakusanyaji husema jiwe lisilo na karatasi ya kueleza lilikotoka ni kokoto tu. Mimi hata kokoto sikuwa nalo. Mawe yangu mengine, ya migodi mitano iliyofungwa, yalikuwepo yote, yananikodolea macho.

Nikamshuku wifi yako, maana niliwahi kumkuta akisugua moja kwa siki, eti chafu.

“We Bwana Kokoto,” akanijibu, “nioshe mawe, na sahani zimenishinda?” Akanuna wiki mbili.

Jana nikamwita seremala, yule mzee aliyekuwa akikaza magogo ya kuzuia paa katika mgodi ule ule aliofanyia kazi Baba. Sikumwita kwa sababu ya jiwe, bali droo iliyokwama. Akaing'oa, na nyuma yake, jiwe! Zima, karatasi imeling'ang'ania. Lilidondoka kutoka droo ya juu likaziba njia. Mwezi mzima nimeitukana droo, kumbe ilikuwa ikinionyesha!

Nilikaa sakafuni nikashusha pumzi kama niliyetolewa kisimani. Wifi yako alicheka mpaka akakaa nami. Nimemwomba radhi mara mbili. Ya tatu anasema bado anaidai.

Msalimie shemeji, na wapwa wangu uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mama mkubwa anakusalimu. Mungu akutunze kuliko nilivyotunza jiwe.

Nduguyo, nikupendaye hata nisipoandika,
Bwana Kokoto

Nyongeza: Tumekua tukijisifu kwamba Baba alilishukia jiwe hilo kwenye giza la mgodi. Seremala ameisoma karatasi, akatucheka. Ngazi ya shimo la pili ilikuwa nje, ya kupandia stoo. Chini yake palikuwa na jalala la mawe yaliyotupwa.