Bunduki Kumi Matopeni

Kaka yangu mpendwa,

Swali hili limenisumbua miaka mingi: kuwacheleweshea askari bunduki mpya ni kuwalinda, au kuwatelekeza? Mama hajambo, sweta anayokufumia imebaki mkono mmoja.

Jana muuzaji alituletea hapa ofisi ya ukaguzi wa silaha bunduki kumi zilizosuguliwa zikang'aa. Mkaguzi wetu mkuu, bibi wa miwani mizito, alizisukuma kando, akachagua nyingine kumi za shehena yake ghalani na kuzizamisha matopeni.

“Mama, unaziharibu!” muuzaji akamaka.

“Baba, vita havipiganwi sebuleni.”

Tulipozifyatua, saba zilikwama. Akakataa kutia saini ya kuzipokea, akaninong'oneza, “Kibaya chajitembeza.” Nilitamani ujasiri wake.

Hata hivyo, wewe bado unalinda mpaka kwa bunduki ile kuukuu. Iwapo tumetenda haki, sijui. Mwenye jibu ni wewe, nawe hujaniandikia tangu mapigano yaanze.

Dada yako akungojaye