Joho la Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Mchungaji amepita dukani asubuhi. Majoho ya kwaya ni kazi yangu tangu zamani, kwa hiyo sikushangaa kumwona na kitambaa. Ila safari hii ni joho moja tu. La nani? La wifi yako, akasema, akiangalia viatu vyake. Amerudi kwa Mungu, ataimba Jumapili ya wiki ijayo.

Wifi! Yule yule aliyebadilisha kufuli la nyumba siku tuliporudi kutoka kumzika kaka yake, mume wangu. Nikalala kwa jirani na binti yangu, nguo za msiba mwilini. Hatujasalimiana tangu hapo.

Nikamwambia Mchungaji nina kazi nyingi. Uongo mtupu. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Akaacha kitambaa mezani, akaenda zake.

Jumatano, 6 Machi

Somo la Biblia jioni. Tumefika kwa manabii, leo Yona. Wenzangu wote ni samaki, samaki, samaki. Mama Miwani, anayetufundisha, akauliza: kwani Yona alikimbia nini? Fundi bomba akasema aliogopa. Mama Miwani akakataa. Yona alijua Mungu atawasamehe watu wa Ninawi, na yeye hakutaka wasamehewe. Hata alipokwenda, alihubiri shingo upande, halafu akakaa nje ya mji na kununa.

Nikainama kana kwamba natafuta kalamu. Namwelewa sana yule mzee. Watu wakutende ubaya, kisha wavae magunia siku moja, basi yameisha? Mimi ningepanda meli ile ile. Na chenji ya nauli nisingedai!

Ijumaa, 8 Machi

Nimelikata joho. Sikumwita kupima. Ya nini? Nilimshonea nguo miaka na miaka kabla ya ule msiba, kipimo chake nakijua kwa moyo: kifua kipana, mabega ya kubeba gunia. Mchungaji alisema nishone, hakusema nimguse. Nimetii, sivyo?

Binti yangu akachungulia. Mama, unashona au unagombana na cherehani? Nikamtuma akachemshe chai.

Jumapili, 10 Machi

Nimempa Mchungaji joho ndani ya mfuko. Kazi kwisha! Nimeimba kwa nguvu mpaka wa mbele wakageuka.

Jumatano, 13 Machi

Leo mfalme Sauli. Aliambiwa asibakize kitu, akabakiza kondoo wanono, eti wa sadaka. Nabii Samweli akamwambia Mungu anataka kusikilizwa kabla ya hiyo nyama. Ukaidi ni ukaidi, hata ukija na sadaka mkononi. Fundi bomba akasema ni kweli, hata yeye akikaza bomba robo tatu, nyumba inalowa. Watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia kitambaa cha meza. Nimekishona mimi, bure, kwa ajili ya Mungu. Na mapazia pia. Nimerudi nyumbani nimechukia, na sijui nimemchukia nani. Mama Miwani? Hajui lolote maskini.

Alhamisi, 14 Machi

Yuko sebuleni! Wifi, mwenyewe!

Kumegongwa, nikafungua nikidhani ni mteja. Amelivaa joho. Limemmeza. Kifua hakuna, mabega hakuna, mikono ya joho imefika vidoleni. Amekonda mno, na kikohozi hakimwachi. Mimi nimemkatia mwanamke ambaye hayupo tena. Nimeona haya, haya kweli kweli.

Akasema: Wifi, nimekuja unipime. Kama hutaki, niambie tu, nitaimba hivi hivi. Kisha akaanza habari za kufuli, machozi yakamtoka. Nikamkatiza. Subiri hapo, nikasema, nikalete futi ya kupimia.

Sasa nimekaa kitandani, naandika. Mtu mzima mimi! Kumpima ni lazima nimzungushie mikono kifuani. Karibu hivyo, pumzi yake usoni kwangu. Ee Mungu, kushona nilishona. Hukuridhika?

Binti yangu amekuja mlangoni. Mama, shangazi bado amesimama, mikono ameinyoosha. Nikamjibu mwambie natafuta futi.

Hajaondoka. Ananitazama tu. Mama, anasema, si hiyo hapo shingoni?