Gauni la Zaituni

Jumatatu, 9 Julai 1951. Kisarawe

Nimerudi kutoka Mkuza alasiri, magoti yanauma kama kawaida. Mwali wangu Zaituni mzima. Mwaka mzima yumo ndani, rangi imemtakata. Anakula, analala, anakula. Nimemwimbia, nimemfundisha, nimemfinya alipocheka. Mama yake, Bi Chausiku, amenifungia muhogo na kuku. Lori la mkaa limenishusha hapa.

Kisha nimeketi kwenye cherehani ya marehemu mume wangu. Nimeshona foronya mpaka adhana ya magharibi.

Nimechoka na ukungwi. Haya, nimeandika. Naandika kwa herufi za Kiarabu alizonifundisha baba. Kaka yangu alikimbia chuo cha Kurani, kwa hiyo hapa hata nikimtukana hajui.

Alhamisi, 12 Julai

Ukungwi niliachiwa na shangazi. Hakuniuliza. Alinikabidhi ngoma, akafa. Wakati huo nilikuwa na mtoto mgongoni, sasa nina mvi. Miaka yote hii nawafundisha wasichana kunyamaza, na mimi mwenyewe sijanyamaza hata siku moja. Marehemu mume wangu angekuwa hai angetoa ushahidi.

Cherehani ni yangu. Marehemu alinikabidhi mbele ya shehe kabla hajafa. Alikuwa fundi pale kwenye baraza ya duka la Mhindi, na akirudi nyumbani ananifundisha. Nikiuzungusha mkono wa cherehani, kichwa kinatulia. Ngoma hainitulizi tena.

Leo nimekwenda kwa Mhindi. Nafasi ya marehemu barazani bado tupu. Nikasema naitaka. Akakuna kichwa. Mwanamke kushona barazani? Hajapata kuona. Nilete kazi moja ambayo watu wameiona wakaisifu, kisha tutazungumza.

Wataiona.

Jumapili, 15 Julai

Kazi yenyewe ipo. Zaituni anatoka mwezi ujao. Mwali hutolewa na kanga mpya. Mimi wangu namtoa na gauni. La maua, mikono ya kuvimba, kiuno kimebanwa. Bi Chausiku tumepatana, amecheka mpaka akakaa chini.

Kamba ya vipimo ninayo. Nilimpima Zaituni kabla hajaingia ndani: fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la urefu. Imekaa kwenye sanduku la cherehani tangu siku ile. Mtu makini hujiwekea mambo yake mapema.

Ijumaa, 20 Julai

Kaka Kondo amekuja na mkewe baada ya sala. Hodi hakupiga. Nani kamwambia habari ya baraza sijui, mji huu hauna mlango.

Amesema ukungwi ni wa ukoo, hauvuliwi kama kiatu. Mjukuu wake karibu atavunja ungo, nani atamcheza? Na dada yake akae barazani atazamwe na wapita njia? Aibu. Nikamwambia aibu ni kuiba, kushona si aibu.

Akapandisha hasira. Akasema gauni hilo likinishinda mbele ya watu, cherehani anaichukua yeye, na mimi narudi kwenye ngoma mpaka nife. Nikasema haya. Nikasema mbele ya mkewe, hakuna pa kurudi.

Mdomo wangu huu.

Jumanne, 31 Julai

Nimekata kitambaa.

Jumatano, 8 Agosti

Gauni limekwisha. Nimelitundika ukutani, nimekaa kulitazama. Zuri, Mungu anisamehe majivuno. Kaka amepita akachungulia dirishani, akajifanya anatafuta mbuzi wake.

Hana mbuzi.

Jumamosi, 18 Agosti. Mkuza

Nimefika. Nimekuja na cherehani pia, kwenye lori, katikati ya magunia, nimeikumbatia njia nzima. Hakuna kazi ya kuishonea. Nataka tu kesho watu waione wajue gauni limetoka wapi. Maringo matupu, na sijuti. Mwanamume akitembea na baiskeli asiyoipanda hakuna anayemuuliza.

Kaka naye amekuja kushuhudia. Kanzu nyeupe, fimbo, uso wa kesi.

Jumapili, 19 Agosti. Mkuza

Niandike kabla sijaanza kuipamba habari hii.

Asubuhi tumemwosha Zaituni, tumempaka mafuta. Gauni likapita kichwani, likafika mabegani, likagoma. Tukavuta. Mgongo ukabaki wazi kiganja kizima.

Mimi! Mwaka mzima namlisha uji wa maziwa. Mwaka mzima najisifu kwamba ananenepa, kwa sababu mwali akitoka mwembamba ni fedheha ya kungwi. Kisha nikachukua kamba ya mwaka jana nikamkatia gauni msichana ambaye hayupo tena. Angefanya hivyo mwingine ningemcheka mwezi mzima.

Nje ngoma inalia. Ndani wanawake wakaanza kunong'ona, kisha kucheka. Habari ikamfika kaka uwanjani. Akapaza sauti ili wote wasikie:

"Haya, Mwamvua. Mashine niletee mimi, wewe tuletee mwali."

Bi Chausiku akatoa kanga. Avae hizi, yaishe.

Yasiishe! Nilikuwa na hasira mpaka machozi. Kwa kaka, kwa kamba, kwangu mwenyewe. Nikabeba cherehani na gauni, nikatoka navyo. Nikapindua kinu katikati ya uwanja, nikaiweka juu, mbele ya wanaume wote. Nikavua kanga yangu ya kichwani, nikaipasua. Mvi zote nje. Nikafumua gauni mbavuni, nikaanza kuunga vipande vya kanga huku na huku.

Wapiga ngoma wakasita. Nikawauliza nani kawaambia ngoma imekwisha, mimi bado ndiye kungwi hapa. Wakapiga. Nikauzungusha mkono wa cherehani kwa mapigo yao. Kicheko kikakatika. Bibi mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia, na mimi nikaitikia na uzi mdomoni.

Zaituni akatoka. Gauni la maua, mbavuni kanga nyekundu. Vigelegele vilifika barabara kuu. Wapo waliodhani ndio mtindo wenyewe, na sikuwasahihisha.

Kaka naye akacheza. Hasira na yote, miguu ilimsaliti, mpaka kanzu ikachanika kwapani. Baadaye akaja kusema gauni limenishinda. Nikamwambia lilishindwa kuingia, lakini kuvaliwa limevaliwa. Akasema ahadi ni ahadi. Nikasema na macho ni macho, awaulize watu walichoona. Hakuwauliza.

Cherehani imelala kwangu.

Jumatano, 22 Agosti. Kisarawe

Kaka ametuma neno, anakuja kuichukua. Aje. Nimeihamishia barazani. Mhindi amekwisha kusikia ya Mkuza. Amesogeza tu magunia ya chumvi nipate pa kukaa. Kaka akiitaka aibebe mbele ya soko zima.

Ukungwi nimemkabidhi binti wa shangazi, aitwaye Sikujua. Ana sauti na ana magoti. Nilimuuliza kwanza kama anautaka. Alilia kwa furaha, maskini, miaka yote aliutaka na hakuna aliyemuuliza yeye pia. Mjukuu wa kaka atachezwa vizuri kuliko ambavyo ningemcheza mimi.

Jumamosi, 25 Agosti

Hakuja. Usingizi sina. Naogopa, na nimekasirika kwamba naogopa.

Wanaume wanapita barazani polepole kuliko inavyohitajika. Nawatazama mpaka wanaongeza mwendo.

Jumatatu, 3 Septemba

Manyunyu asubuhi. Nimetia kiraka suruali ya mtu wa Soga, nimepinda kanga za Bi Chausiku.

Mchana kaka amekuja. Nikashika cherehani kwa mikono miwili. Hakuitazama. Alikuwa na furushi. Akalifungua juu ya meza yangu: ile kanzu nyeupe, kwapa limechanika mpaka ubavuni, na chini yake kitambaa kipya. Anataka nyingine kama ile. Ya zamani ameileta ya kupimia.

Nikamwamkia, shikamoo kaka. Marahaba, akasema, akitazama barabara.

Kanzu ya zamani nikaiweka pembeni. Nikamwambia asimame anyanyue mikono, nimpime yeye mwenyewe. Naye amenenepa.