Propela ya Binamu wa Riyadh

Alhamisi, Jeddah. Joto la kugandisha shati mgongoni, na mimi nachemka kulishinda.

Natangaza rasmi, kwa heshima zote, kwamba leo alasiri boti ya kasi ya bosi wangu imepitwa na boti ya plastiki ya kukanyaga kwa miguu. Watoto waliokuwa wakikanyaga walitupungia mkono.

Tangu mafuta yapande bei, kila tajiri wa Riyadh ana boti huku kwetu, na kila mwenye boti ana binamu mjuzi. Huyu wa bosi anakaa Malaz, mtaa wa huko huko Riyadh, ambako maji mengi kuliko yote ni ya tangi la juu ya paa. Ndiye aliyemshauri bosi aivue propela niliyoichagua mimi fundi wake, ya inchi ishirini na moja, anunue ya ishirini na sita. Inchi hizo ni hatua ambayo propela ingesogea mbele ikizunguka mara moja. Hatua ndefu, mbio zaidi, kasema binamu. Hata hiki kitambi changu kinajua propela kuliko yeye!

Hatua ndefu ni kama kuondoa gari kwa gia ya tano. Boti tupu itaruka. Ipakie watu tisa, barafu na sufuria ya wali wa kabsa, itanyanyua pua tu huku injini ikigumia.

Ndivyo ilivyokuwa. Tuliporudi gatini, bosi akamgeukia Salum, nahodha wetu kutoka Lamu, mbele ya wageni.

"Hujui kuendesha! Halas, tafuta kafili mwingine wa kukudhamini."

Salum alifunga kamba, kisha akaniuliza polepole, "Kaka Bakari, si ulisema umeijaribu?"

Niliijaribu.

Jumanne, peke yangu, mafuta robo tangi, bila hata katoni ya maji. Boti ikaruka, nikafurahi kama bwana harusi. Najua propela hujaribiwa kwa mzigo kamili. Nawafundisha wenzangu hivyo. Lakini bosi alikuwa kwenye simu akingoja neno moja, nami nikampa: "Tamam," yaani iko sawa.

Na Salum alipokuwa akifokewa, nilisimama hatua mbili kutoka kwake, nikikaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

Bosi yuko nyumbani kwake Al-Safa, hapa hapa Jeddah, hadi kesho. Nitamwendea kabla ya swala ya Ijumaa. Nimeyaandika hapa mtandaoni, mbele ya watu, ili nisipate pa kujificha.