Siku Tuliyopanda Jombo

Msambweni

Kwako Mjomba Chirau,

Shikamoo. Natumai huko Mombasa u mzima na kazi haikuchoshi. Huku hatujambo, ila mama bado hatoki kitandani. Anakusalimu sana.

Jumamosi niliwaongoza wageni waliofikia Diani kupanda vilima. Tulianza na Mrima, tukapita vile vidogo vya katikati, tukamalizia Jombo. Jua lilikuwa la upole, na upepo mwanana. Mzee mmoja wa Nyeri, Nahashon, alipanda akiimba tenzi za kanisani mpaka pumzi zikamwishia. Tulicheka sana.

Kileleni hewa ilikuwa safi, tukakiona kisiwa cha Funzi chote. Nikawaonyesha na shamba la bibi pale chini, lile ulilokabidhiwa ulisimamie kwa kuwa wewe ndiwe mjomba. Minazi haikuwapo. Palikuwa na ukuta mweupe, lango na nyumba ya ghorofa. Nahashon akanisifu, "Kumbe kwenu mko vizuri." Kaburi la bibi sikuliona. Pale lilipokuwa, palikuwa pameegeshwa gari.

Mama bado anaamini maneno yako, kwamba kaburi unalipalilia kila ukija. Anataka siku yake ikifika azikwe ubavuni mwa mama yenu.

Niliporudi aliniuliza kama nimeliona. Nikamwambia huko juu kulikuwa na ukungu. Uongo huo ni wangu, nitaubeba. Wako njoo umwambie mwenyewe, maadamu angali anasikia.

Mpwa wako,
Mwanapili