Breki ya Mkono wa Kushoto

Nyuma ya soko, 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakohoa kidogo lakini analalamika sana, kwa hiyo ni mzima. Wewe je? Goti limepoa? Masikio siulizi. Tangu kelele za injini ziyaharibu, nikikupigia simu na kukuuliza umekula nini, unanijibu kwamba mafuta yapo. Ndiyo maana naandika, na barua nampa dereva wa lori la unga aidondoshe karakanani kwako akirudi.

Nina habari tamu na habari chungu. Tamu ni kwamba shule kubwa ya hapa inataka mikate kila asubuhi, na mwokaji amesema wa kuipeleka ni mimi, na ile baiskeli ya injini uliyoniundia. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani nimejifungua.

Chungu ni kwamba zimetoka kanuni mpya. Kila baiskeli yenye injini ikaguliwe, ipewe namba, ikatiwe bima, na mwendeshaji avae helmeti. Pasipo bima, shule haifungui geti.

Basi nikaiosha, nikaipaka grisi, nikaipeleka. Mkaguzi, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akapanda mwenyewe aijaribu kwenye mteremko wa nyuma ya ofisi. Baba, nilisahau kumwambia. Wallahi nilisahau, maana mimi nimejifunzia kwako na sijui breki nyingine zaidi ya ile ya kushoto. Yeye alipouona ukuta unakuja akabana mkono wa kulia, kama watu wote wanavyofanya. Na kulia kwetu ni klachi. Injini ikamwachia, baiskeli ikateremka kwa raha zake, ikapita katikati ya nguo alizoanika mlinzi, ikaishia kwenye rundo la mchanga. Mkaguzi akainuka na shuka la maua kichwani. Nilicheka, Mungu anisamehe. Hakuumia popote, ila kwenye karatasi akaandika: haifai.

Wakala wa bima naye, mama mmoja asiyecheka bure, kaniambia: "Dada yangu, siwezi kukatia bima chombo kinachotii watu wawili tu duniani."

Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Niambie, nimpe fundi wa hapa ageuze usukani?

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba


Karakanani, 11 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Goti lipo, linaniambia mvua kabla ya redio. Mkwe wangu anywe maji ya moto aache kudeka.

Barua yako ilifika inanukia unga, na ilinipandisha presha. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua! Mtu hajui kuendesha, anasema baiskeli haifai. Mimi nimepanda hivyohivyo tangu mama yako akiwa mchumba, na yeye alikaa nyuma na kikapu cha mayai, halikuvunjika hata moja.

Hujawahi kuniuliza kwa nini niligeuza. Nilipokuwa mdogo darasani, mwalimu alinifunga mkono wa kushoto kwa kamba kwenye dawati, ili niandike kwa wa kulia kama wenzangu. Niliandika, na machozi yakidondoka kwenye daftari. Siku niliyoacha shule niliapa kwamba chochote nitakachounda kitaanza na mkono wangu. Watu wakaniita Fundi Shoto kwa dhihaka. Leo ndilo jina la kibao changu. Sasa anakuja kijana wa pasi kunifunga kamba tena uzeeni? Ng'o!

Fundi mwingine akigusa hata nati moja ya baiskeli ile, usiniandikie tena.

Baba yako


Nyuma ya soko, 29 Machi

Baba,

Shikamoo. Sikukujibu haraka kwa sababu nilikuwa na hasira, na uliniambia mwenyewe nisikaze nati nikiwa na hasira.

Nakuuliza hali, lakini leo hali ya hapa si nzuri. Wiki iliyopita nilishikwa na homa. Mkweo akasema mikate ninayopelekea maduka haiwezi kulala, akapanda baiskeli. Nilishamfundisha, baba. Alikuwa ameshaizoea, hata anapiga mluzi njiani. Lakini kwenye mteremko wa sokoni akajitokeza mama na mtoto mgongoni, na mtu akiogopa mikono yake hufanya ilichojifunza kwanza. Akabana kulia. Alipoona haisimami aliigeuzia mtaroni kwa makusudi, asimgonge yule mama. Mama na mtoto hawakuguswa. Mikate iliogelea.

Yeye amevunjika kifundo cha mkono, amefungwa plasta. Ni mkono wa kushoto. Nakaa naye, namkatia nyama kwenye sahani, na kila nikiutazama ule mkono namkumbuka mtoto wa kwenye dawati. Baba, safari hii hakuna mwalimu aliyefunga. Ni breki yako.

Najua kilichokuuma na kinaniuma na mimi. Lakini barabarani hatuko wawili. Yule mama hakujua kwamba breki yetu iko kushoto, wala hakuwa na sababu ya kujua.

Baiskeli haikuvunjika, umeiunda kweli. Nati sijagusa. Mwezi ujao ukikaribia kwisha nitaipeleka kwa fundi wa hapa. Ukiacha kuniandikia, mimi nitakuandikia.

Mwanao


Nyuma ya soko, 15 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Dereva wa unga anasema karakana yako imefungwa kila jioni na hakuna anayejua unakokwenda. Mwenye duka jirani kamwambia unarudi gizani unachechemea, ukiulizwa unatukana. Unaumwa? Niandikie hata tusi moja, nitajua u hai.

Kitindamimba


Karakanani, 21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya siku zote nilizonyamaza. Naumwa, ndiyo, lakini ni mikwaruzo tu.

Mwambie mumeo pole sana. Mwambie kwamba mwanamume anayejitupa mtaroni ili mtoto wa mwenzake apite salama, huyo sasa ni mwanangu, si mkwe. Niliisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa chini kwenye tairi. Nilimwona yule mtoto mgongoni. Nikajiuliza, mwalimu alinifunga mkono ili anifanye kama wengine. Mimi nimewafunga watu wa barabarani ili iweje?

Basi jioni nilikuwa uwanja wa mpira. Niligeuza usukani wa baiskeli yangu kwanza, maana siwezi kumpa mwanangu dawa nisiyoionja. Loo! Mkono wa kulia ni mjinga kuliko nilivyodhani. Niliingia kwenye nyavu za goli, watoto wakashangilia bao. Niliingia kwenye ua wa miba. Helmeti nilinunua baada ya ule ua, na ningekuwa na akili ningeinunua kabla. Lakini sasa naweza kusimama pale ninapotaka, si pale baiskeli inapotaka.

Kwenye gunia analokuletea dereva kuna usukani mpya. Breki kulia, mafuta kulia, klachi kushoto. Nyaya nimezikata kwa kipimo cha baiskeli yako, nakijua kuliko kipimo cha suruali yangu. Funga mwenyewe, nilikufundisha. Kisha usipande barabarani mpaka mikono yako isahau ya kwangu.

Nimeazima zile kanuni kwa karani, nikazisoma zote kwa miwani ya mama yako. Zinasema breki ikae wapi, taa ikae wapi, hata kioo. Kuhusu kengele hazikusema. Nimerudia mara mbili: hazikusema! Kwa hiyo kengele nimeifunga kushoto.

Baba yako,
Fundi Shoto


Nyuma ya soko, 30 Aprili

Baba, baba, baba!

Shikamoo! Uko salama? Sisi hapa tunaruka tu, hata mwenye plasta anaruka.

Usukani nilifunga mwenyewe, dereva wa unga akinishikia fremu na kunitilia unga kwenye kila skrubu. Ulikaa sawa bila kupigwa nyundo. Nikajifunza upya nyuma ya kiwanda cha mikate, na kwa kweli nilikuwa mbovu kuliko mkweo. Mwokaji aliyaficha magunia yake nisiyagonge. Mkono wangu wa kushoto mpaka leo unawasha nikiona mteremko.

Jana ndiyo siku yenyewe. Mkaguzi alipoiona baiskeli akavaa helmeti kwanza, akaniuliza, "Leo imeamkaje?" Mlinzi alikuwa ameshaanua nguo zake zote. Mkaguzi akateremka nayo, baba. Ukuta ukamjia, akabana kulia, baiskeli ikasimama tuli. Akapanda tena juu, akateremka tena, sasa kwa kujifurahisha tu. Kisha akagusa kengele, akanitazama, nikamwambia baba yangu amezisoma kanuni. Akacheka, akasema huyo mzee aje amfundishe kazi.

Inafaa! Ndilo neno aliloandika. Namba imefungwa nyuma, yule mama wa bima kabandika stika kwa mkono wake na akatabasamu, nimeshuhudia. Leo asubuhi geti la shule limefunguka, na wanafunzi walishika mikate ikiwa bado ya moto.

Sasa nina ombi moja. Mkweo anataka umwone uso kwa uso, wewe uliyemwita mwanao. Njoo. Dereva wa unga atakupa siti ya mbele.

Mwanao mwenye namba,
Kitindamimba


Karakanani, 16 Mei

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mwanangu uliyenitoa kimasomaso. Barua yako nimewasomea wateja wote, na mmoja alikuja kuziba pancha tu.

Siti ya mbele sitaki. Juzi nimepeleka baiskeli yangu ikakaguliwe huku kwetu. Mkaguzi wa huku ni binti mkali, kapima breki, kapima taa, kaniuliza nina umri gani, nikamwambia apime baiskeli. Nimepasi. Namba ninayo, stika ninayo, helmeti inanibana masikio lakini hayakuwa na kazi nyingine.

Barua hii itatangulia na dereva wa unga, mimi nitaifuata kwa baiskeli yangu. Nimejipanga kulala njiani kwa rafiki, nisikimbizane na giza. Nitapita barabarani katikati ya watu, breki kulia kama wenzangu wote, na sitaona haya.

Mwambie mwanangu wa plasta akae karibu na dirisha. Mkisikia kengele nje msiulize ni nani. Ni mkono wangu wa kushoto.

Baba yako,
mwenye bima