Taa za Karavani ya Makambi

Nyacheki,
10 Julai 1994

Mdogo wangu Jitendra,

Hamjambo hapo mjini? Kifua cha mkeo Sumitra kimepoa? Na binti yako Alpa anaendelea na shule? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu inatafuta mifupa ya wazee tu. Mjukuu wangu Nyamusi, yule aliyekuvuta masharubu mbele ya wateja wako, sasa ana miaka minne. Kila nikitoka anauliza kama naenda kwa Jitu, ndivyo anavyokuita.

Nina shida ndogo. Makambi ya kanisa yanafunguliwa Ijumaa jioni, tarehe 19 Agosti. Unaikumbuka ile karavani kuukuu, nyumba ya magurudumu tuliyoachiwa na watu waliojenga barabara? Ndimo wanamolala akina mama wenye watoto wadogo wiki nzima ya makambi, mvua isiwapige. Tunawasha taa mbili za mafuta. Chemni zake za kioo zimepasuka, na moja nimeifunga kwa waya. Niwekee chemni mbili mpya, nitamtuma mtu azichukue.

Kaka yako,
Abner Nyangau

Kisii,
14 Julai 1994

Kaka Abner,

Salamu kutoka kwetu sote. Sumitra anapumua vizuri sasa, na Alpa amekuwa wa tatu darasani, anatusumbua kwa majivuno. Mwambie Nyamusi masharubu bado yapo, yanamngoja.

Chemni sikupi. Usikasirike, soma kwanza. Karavani hiyo nimeingia mwenyewe: mlango mmoja, mapazia, magodoro ya sponji kutoka ukuta hadi ukuta, na wewe unaning'iniza moto juu ya vichwa vya watoto! Mimi nikikumbuka sipati raha.

Weka taa za betri. Zile balbu kuukuu zilizomo darini zing'oe, zinafyonza betri, siku mbili imekwisha. Nina tyubu mpya, nyembamba, za wati nane tu; nakutumia tatu na barua hii, mbili za darini na moja ya akiba. Betri moja iliyojaa itakaa wiki nzima, na bado itabaki na nguvu. Nitakuazima betri ya dukani, na dereva wangu Ondieki ataileta. Kazi yenyewe ni nyaya mbili: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Kubali, kaka.

Mdogo wako,
Jitendra

Nyacheki,
31 Julai 1994

Mdogo wangu Jitendra,

Habari za huko? Sisi tupo, mvua na majani chai kama kawaida. Hongera kwa Alpa.

Kamati imekaa mara mbili kwa ajili ya taa zako. Mzee Manasseh alisema asidi ya betri itawamwagikia watoto, na kwamba baba zetu walisali kwa taa ya mafuta. Nikamwambia baba zetu walisali gizani. Kelele zikawa nyingi. Mwishowe mke wangu Orpah akasimama akasema, "Nyinyi wanaume laleni humo siku moja na mtoto anayelia, halafu mje mtuambie habari za taa." Tukapiga kura, tukakubali.

Tyubu mbili tutazifunga darini wenyewe. Lakini nisikilize vizuri. Betri ifike kabla jua halijazama Ijumaa ile. Jua likizama, Sabato imeingia, na sisi hatushiki kazi. Mwisho wa mwaka tunachagua mzee wa kanisa, na Manasseh anangoja nikosee mbele ya watu achukue nafasi yangu. Usiniaibishe.

Chemni basi sinunui tena.

Kaka yako,
Abner Nyangau

Kisii,
29 Agosti 1994

Kaka Abner,

Hamjambo? Nauliza kwa hofu, maana hii ni barua ya pili tangu makambi na ya kwanza hukuijibu.

Ijumaa ile Ondieki alitoka hapa saa nane mchana na betri kwenye pikapu. Mvua ilikuwa kubwa. Aliporudi alisema ameifikisha, basi. Sasa mama mmoja wa soko la Mosocho amemwambia Sumitra kwamba karavani iliungua na mtoto akafa, na kwamba ni taa ya Mhindi iliyowaunguza. Watu wanapita mlangoni kwangu bila kuingia. Hilo nitalivumilia. Nisiloweza ni kutojua.

Ni taa yangu, kaka? Na ni mtoto gani?

Mdogo wako,
Jitendra

Nyacheki,
4 Septemba 1994

Jitendra,

Mtoto ni Nyamusi. Tulimzika Ijumaa, tarehe 26. Mama yake amelazwa, ameungua mikono yote miwili.

Si taa yako. Betri haikufika, tukawasha taa zetu za mafuta. Muulize dereva wako aliipeleka wapi.

Abner

Kisii,
12 Septemba 1994

Kaka Abner,

Sijui nianze na salamu gani. Sumitra hajapika siku mbili. Alpa ameuliza kama ni yule wa masharubu.

Nimemwita Ondieki. Ameapa kwamba aliiweka betri nyasini pale langoni, wewe ukimtazama, una kitabu cha nyimbo mkononi. Amenifanyia kazi miaka saba na sijawahi kumshika na uongo. Lakini nilimwambia, "Abner ni kaka yangu. Hawezi kunidanganya mjukuu wake akiwa kaburini." Nimeamini aliiuza njiani. Nimemfukuza kazi, na jana nimempeleka polisi. Yuko seli.

Nataka kuja kukaa nawe. Niambie kama nije.

Mdogo wako,
Jitendra

Nyacheki,
14 Septemba 1994

Jitendra,

Leo sikuulizi habari za nyumbani, sina uso wa kuuliza. Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi, barua yako nilisomewa na Orpah. Alipofika pale pa Ondieki aliiweka mezani akasema, "Abner, andika. Usipoandika, nitaandika mimi."

Betri ilifika. Jua lilikuwa ndio kwanza limezama nyuma ya kilima, lakini mwanga ulikuwa bado wa kutosha kusoma, na mimi nilikuwa nikisoma nyimbo. Ondieki alishuka nayo begani, amelowa chapachapa, akasema, "Mzee, dakika mbili tu, nifunge nyaya." Manasseh alikuwa nyuma yangu. Nikamwamuru Ondieki aiweke nyasini mpaka Sabato iishe. Nilimkemea kwa sauti ili wote wasikie. Niliona watu wanaitikia kwa vichwa, kwa heshima, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi.

Kisha nikasema taa za mafuta ziwashwe. Kuwasha taa tuliyoizoea hatukuhesabu kuwa ni kazi.

Tulikuwa kwenye wimbo wa pili. Ile chemni niliyoifunga kwa waya ilipasuka ikaanguka, moto ukashika pazia. Mama yake Nyamusi alitoa watoto watano kwa mikono yake. Wa kwake alikuwa amejificha chini ya godoro la mwisho, kama anavyojificha akiogopa radi. Nilimsikia akiniita. Mlango ulikuwa umejaa moto.

Ondieki hana kosa. Mtoe leo hii. Kesho asubuhi nitakuwa hapo kituoni kusema haya mbele yake, na Sabato ijayo nitayasema kanisani. Uzee wa kanisa nimeuacha.

Betri yako anakuletea Orpah pamoja na barua hii. Jumapili ile, watu walipoanza kujaa kwa matanga, niliifunga uani mwenyewe, kwa ile tyubu ya akiba. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Taa iliwaka papo hapo, hata dakika mbili hazikuisha. Ulisema betri itakaa wiki nzima. Iliwasha taa kila jioni mpaka tukamzika, na bado ina nguvu.

Babu yake Nyamusi,
Abner